Kusimama Mlangoni

Semina ya kwanza tulifanyiwa ukumbini, mjini Sumbawanga, kipindi kile cha baridi ambapo ukungu unakaa juu ya mashamba mpaka jua linapokaribia utosi. Mtaalamu alitoka mbali. Alikuja na kompyuta na mashine ya kurushia picha ukutani. Akatuonyesha mapafu ya binadamu yaliyochorwa kwa rangi, akatuonyesha kidonge cha kijivu, kidogo kama kifungo cha koti. Akasema kidonge hicho kikikutana na unyevu hutoa gesi, na gesi hiyo ndiyo inayoua fukusi na dumuzi ndani ya magunia yaliyofunikwa turubai.

"Na ninyi pia inawaua," akasema. Watu wakacheka kidogo, wakajikunyata ndani ya makoti yao.

Mimi kazi yangu ni kukagua ubora wa nafaka. Ghala letu ni la mtu binafsi, liko pembezoni mwa mji, na tunapokea mahindi na ulezi kutoka vijiji vya huku juu Ufipa, na mpunga kutoka bondeni, upande wa Mtowisa. Gunia likishuka kwenye gari nalichoma bambo, chuma kile chenye mfereji katikati, natoa punje kiganjani, nazitazama, nazinusa, napima unyevu. Nafaka ikishapangwa kwenye chaga za mbao inafunikwa turubai zito na kufukizwa kwa vile vidonge. Kazi ya kufukiza haikuwa yangu, lakini tajiri wetu alitaka wote tuhudhurie, kuanzia walinzi mpaka makuli.

Mtaalamu aliuliza swali: "Mwenzako akianguka ndani ya ghala lenye gesi, utafanya nini?"

Aliyesimama kujibu alikuwa msimamizi wetu wa makuli. Alikuwa Mfipa mnene wa kifua, mwimbaji wa sauti ya nne, ile nzito ya chini, kwenye kwaya ya kigangoni kwao, mtu ambaye hata akikugombeza unasikia kama anaimba. Ndiye aliyenifundisha mimi kuchoma bambo bila kupasua gunia, nilipoanza kazi nikiwa msichana anayeogopa hata vumbi. Alijibu vizuri kuliko wote.

"Siingii," akasema. "Naita msaada. Navaa barakoa ya gesi, nafunga kamba kiunoni, mwenzangu anashika ncha ya pili, ndipo naingia. Nikiingia bila barakoa tutakuwa wawili wa kubebwa."

Tulimpigia makofi. Mtaalamu akarudia maneno yake ili wote tusikie, kisha tukanywa soda na kula chapati kwa nyama, tukapewa vyeti, tukarudi kazini. Barakoa mbili mpya zilizonunuliwa kwa ajili ya ghala ziliwekwa ofisini, kwenye kabati lenye kufuli, zisiibwe.

Mvua za kwanza zilikuja kwa fujo mwaka ule. Kwetu huku upepo hutangulia, unainua mabati ambayo misumari yake imelegea, kisha maji yanafuata. Siku hiyo mchana nilikuwa kwenye mizani, karibu na lango, nikisubiri gari lililokuwa limekwama njiani. Ghala la ndani lilikuwa limefungwa siku chache nyuma, lundo kubwa la mahindi limefunikwa, vidonge viko ndani, mlango umebandikwa alama ya fuvu. Msimamizi alisikia maji yanadondoka ndani kutoka kwenye bati lililofunuka. Mahindi yakilowa yanaota na kuvunda, na lundo lile alilipanga yeye mwenyewe, gunia kwa gunia.

Nilimwona anafungua mlango. Fundi wetu wa turubai alikuwa amejibanza chini ya upenu akisubiri mvua ipungue, akamwuliza anakwenda wapi. Fundi huyo na msimamizi walikuwa marafiki tangu ujana wao. Walichunga pamoja, walikuja mjini pamoja, na kila mmoja alikuwa msimamizi wa ndoa ya mwenzake.

"Navuta turubai kidogo tu," msimamizi akajibu. "Natoka sasa hivi."

Alichukua kitambaa chake cha shingoni, akajifunga puani, akaingia.

Baadaye tuliambiwa maji yalikuwa yamepita kwenye mkunjo wa turubai na kuangukia vidonge vyenyewe. Kidonge kikipata unyevu wa hewa tu kinatoa gesi taratibu. Kikimwagiwa maji kinaitapika yote kwa mara moja. Sisi tulichojua wakati ule ni kwamba msimamizi aliita. Aliita jina la fundi, mara moja kwa sauti ya kawaida, mara ya pili kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Fundi alikuwa amekaa ukumbini kiti cha pili kutoka kwangu siku ya semina, alipiga makofi kama mimi, cheti chake alikibandika sebuleni kwake. Alitupa sigara yake chini, akakimbilia ndani kama mtu anayemkimbilia mtoto aliyeanguka kwenye moto.

Walinzi walimkuta fundi ameanguka karibu na kizingiti, miguu imeelekea nje, wakamvuta kwa miguu hiyo kwenye matope. Mimi nilikimbilia ofisini. Mtunza stoo aliyekuwa na ufunguo wa kabati alikuwa ametoka kwenda kula. Tulivunja kufuli kwa nondo, na barakoa zilipofika mlangoni hakuna aliyejua jinsi ya kufunga mikanda yake, na vile vikopo vya kuchujia hewa vilikuwa bado kwenye karatasi zake, havijafungwa mahali pake. Tulifungua milango yote, tukasubiri upepo uingie upande huu utokee ule. Msimamizi alitolewa mvua ilipokatika. Alikuwa na povu mdomoni na kitambaa bado kiko puani.

Alizikwa kijijini kwao. Kwaya yake iliimba bila sauti ya nne, na pengo lile lilisikika hata kwa mtu asiyejua kuimba. Fundi hakuhudhuria maziko. Alikuwa hospitali, kifua kinasikika kama maji yanayochemka ndani ya sufuria iliyofunikwa.

Tajiri wetu hakuwa mtu mbaya. Alihuzunika kweli, alikonda. Alichofanya, kwa kuwa hakujua kingine, alimwita tena mtaalamu yule yule. Tukakaa ukumbi ule ule, mapafu yale yale yakaonekana ukutani. Fundi alikuwa ametoka hospitali, amekaa nyuma na blanketi mabegani kwa sababu baridi ilimwumiza kifua. Mtaalamu akauliza swali lake: mwenzako akianguka ndani, utafanya nini? Kuli mmoja akasimama akajibu, na jibu lilikuwa lile lile, karibu neno kwa neno. Fundi akainuka, akatoka nje.

Nilimfuata. Alikuwa ameegemea ukuta anatafuta pumzi.

"Mkaguzi," akaniambia, "mimi hilo jibu nilikuwa nalijua. Hata wakati nakimbia nilikuwa nalijua. Lilikuwa kichwani hapa, linasema usiingie. Miguu ikaenda."

Maneno hayo alikwenda kumweleza tajiri mwenyewe, ofisini, mimi nikiwepo kwa sababu hakuwa na pumzi ya kumaliza sentensi ndefu. Tajiri alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akauliza, "Sasa miguu inafundishwaje?"

Jibu lilikuja baadaye. Lililetwa na mwanamke mmoja ambaye tajiri alielekezwa kwake na wafanyabiashara wenzake. Alikuwa amefanya kazi ya uokoaji migodini, huko Kanda ya Ziwa, mpaka goti lake lilipoharibika. Alikuwa mwembamba, mchache wa maneno, anakunywa chai ya rangi bila sukari, na hakuja na kompyuta. Siku ya kwanza alizunguka ghala lote akichechemea, akapapasa milango, akauliza barakoa zinakaa wapi. Tulipomwonyesha kabati alitutazama tu. Siku hiyo hiyo zilitundikwa kwenye ndoano nje ya mlango wa ghala, vikopo vimefungwa tayari, na kamba pembeni yake.

Kisha akasema anahitaji mtu wa kulala chini ndani ya ghala na kuita.

Ghala lilikuwa tupu wakati huo, limepigwa upepo, halina hatari yoyote. Tulidhani atachagua kijana mmojawapo. Fundi akasema, "Nitalala mimi."

"Wewe kifua chako kibovu," yule mama akamwambia. "Sakafu ni ya baridi."

"Hawa wengine hawajui kuita," fundi akajibu. "Mimi ndiye niliyeitwa."

Mafunzo yalikuwa hivi. Mtu mmoja anasimama mlangoni. Fundi yuko ndani gizani, amelala mahali pale msimamizi alipoangukia, na anamwita huyo wa mlangoni kwa jina lake. Wa mlangoni hana budi kubaki pale pale. Anapuliza filimbi. Anavaa barakoa, anakaza mikanda, anaziba kikopo kwa kiganja na kuvuta pumzi aone kama hewa inapenya pembeni. Ikipenya anaanza upya. Anafunga kamba kiunoni. Anasubiri mwenzake aje ashike ncha ya pili. Muda wote huo anaitwa. Ndipo anaingia.

Ukisoma hivi utaona ni jambo jepesi. Nami niliona hivyo, nikiwa nimesimama pembeni na wenzangu, tunacheka chini chini. Kuli wa kwanza alipoitwa alicheka kidogo, kisha fundi akaita mara ya pili kwa ile sauti, na yule kijana akaruka kizingiti bila chochote usoni. Yule mama akamshika ukosi wa shati akamlaza chini karibu na fundi.

"Umekufa," akamwambia. "Lala hapo. Anayefuata."

Kufikia mchana sakafu ilikuwa na watu wengi waliolala. Hakuna aliyekuwa akicheka tena. Zamu yangu ilipofika nilijiambia kwamba mimi nimesoma, nimeona, najua. Fundi akaniita. Hakuniita mkaguzi. Aliniita jina langu la nyumbani, lile la Kifipa ambalo mjini hawalijui, sijui alilipata wapi. Nilihisi kifua kimefunguka na kitu ndani yake kimetangulia mbele. Nilishika mbao ya mlango kwa mikono yote miwili. Kucha moja ilivunjika. Nilibaki nje, lakini nilipoanza kufunga barakoa vidole havikunitii, machozi yalikuwa yakinitoka na kioo cha barakoa kikafunikwa na ukungu, na yule mama akasimama karibu na sikio langu akawa anasema polepole, "Mkanda wa juu kwanza. Sasa wa chini. Anakuita, ndiyo. Mkanda wa chini."

Tuliyachukia mafunzo yale. Makuli wawili waliacha kazi, walisema ni uchawi kumwita mtu kwa sauti ya marehemu. Habari zikafika kwa mjane.

Alikuja siku moja asubuhi kutoka kijijini, na kitenge chake cha msiba bado kichwani. Mlinzi hakujua amzuie au ampitishe. Alifika mlangoni wakati fundi yuko ndani anaita, akasimama nyuma yetu, na sisi hatukumwona mpaka fundi aliponyamaza ghafla.

"Shemeji," mjane akasema, "mnamwigiza mume wangu?"

Fundi alitoka ndani akijifuta vumbi. Alipiga goti mbele yake, jambo ambalo wanaume wa rika lake hawalifanyi ovyo.

"Tunajifunza kutokimbia," akasema.

"Aliita hivyo?"

Tangu msiba hakuna aliyemwambia mjane kwamba mumewe aliita. Nyumbani kwake walimwambia gesi ile inachukua mtu kama usingizi.

"Aliita, shemeji. Aliniita mimi."

"Kumbe aliita," mjane akasema. Aliyarudia tena maneno hayo, taratibu, kwa Kifipa, kama anayejiambia mwenyewe. Alikaa juu ya gunia tupu karibu na mlango, akatazama mtu mmoja akifanya zamu yake mpaka mwisho, na mwingine. Kisha akaaga, akaondoka. Yule mama wa migodini alisitisha kazi siku hiyo, akaenda nyuma ya ghala kunywa chai yake peke yake.

Alikaa nasi msimu ule, akaondoka. Tulidhani mambo yataondoka naye, maana ndivyo yanavyokwenda: mgeni akienda zake, na vitu vyake vinapanda gari. Lakini mafunzo yalibaki. Kila mara kabla ya kufunika lundo, fundi aliwapanga watu mlangoni, wapya kwa wa zamani, akaingia ndani akalala chini na koti zito. Hakuna aliyelazimika kutukumbusha. Ilifika mahali nikipita dukani mjini nikasikia mtu anaita kwa nguvu, mkono wangu unatafuta filimbi shingoni kabla sijageuka kuangalia. Siwezi kusema tulikuwa watu wenye furaha zaidi pale ghalani. Tulikuwa watu tunaosimama.

Kati ya wapya walikuwamo ndugu wawili kutoka bondeni, Mtowisa, tumbo moja. Mkubwa alikuwa mkimya, amejenga mwili kwa kubeba magunia ya mpunga. Mdogo alikuwa mchangamfu, anamsalimia kila mtu "mambo", anaulalamikia ubaridi wa Sumbawanga kama vile umetumwa kwake binafsi. Walipanga chumba kimoja, walipika ugali wao na dagaa wa Kirando, wakavaa makoti yao kwa kupokezana. Siku ya mafunzo fundi alifanya jambo ambalo niliona ni ukatili. Alimlaza mdogo ndani, akamsimamisha mkubwa mlangoni. Mkubwa aliruka kizingiti mara ya kwanza, na mara ya pili. Mara ya tatu alisimama. Aling'ata mdomo wake mpaka damu ikatoka, akavaa barakoa sawasawa, akaingia na kumtoa mdogo wake mgongoni. Mdogo alikuwa akicheka njia nzima.

"Kaka, ungenichelewesha hivyo kweli?" akasema. Mkubwa hakucheka.

Jambo lenyewe lilitokea kipindi cha baridi, siku ya kufunua lundo. Muda wa kufukiza ulikuwa umetimia, milango ilikuwa wazi tangu asubuhi, na ingetosha kama hali ya hewa ingekuwa ya kawaida. Lakini baridi kavu ya huku juu huchelewesha vidonge. Vingine vilikuwa bado vizima chini ya turubai, vinaendelea na kazi. Mdogo aliingia akiwa na barakoa na kamba kama inavyotakiwa, kumbe turubai limenasa nyuma ya lundo, upande wa ukuta. Akajipenyeza kwenye ule uwazi mwembamba. Gunia moja lilichomoka, likaigonga barakoa yake ikakaa upande. Kamba ikabanwa kati ya magunia mawili.

Mkubwa ndiye aliyekuwa mlangoni, ameshika ncha ya pili. Alivuta, kamba haikuja. Mimi nilikuwa nje kidogo tu, naandaa sampuli, nikamsikia mdogo anaita.

"Kaka!"

Mkubwa alisimama. Alipuliza filimbi. Akaifunga ncha ya kamba kwenye chuma cha mlango, akaondoa barakoa ya akiba kwenye ndoano, akavaa. Mkanda wa juu, mkanda wa chini. Akaziba kikopo kwa kiganja, akavuta pumzi. Hewa ilipenya pembeni. Nilimwona anaivua, na ndani mdogo wake anaita kaka, na sauti imeanza kubadilika. Akaivaa upya. Akaziba, akavuta, ikakaa. Akajifunga kamba ya pili kiunoni. Fundi alikuwa anakuja mbio kutoka upande wa mizani, kwa ule mwendo wake wa mtu asiye na kifua, na mkubwa akamsubiri. Kumsubiri kule ndiko ninakokuona hadi leo. Mikono yake ilikuwa imelala ubavuni, imetulia, na suruali yake ilikuwa imelowa. Fundi aliposhika kamba na kumgonga begani, aliingia.

Alimtoa. Alihamisha magunia kwa mikono yake, akamvuta mdogo wake kutoka kwenye ule uwazi, akatoka naye. Tulimlaza kwenye upepo, tukamfungua shati, gari likampeleka hospitali. Aliishi. Kama mkubwa angekimbia, wote wawili wangebaki nyuma ya lundo lile. Daktari alisema hivyo, na fundi, na tajiri, na mimi. Tulisema mara nyingi mno.

Mama yao alipanda kutoka Mtowisa na basi, amejifunika kanga mbili, hajazoea baridi. Nilikuwepo wodini, nimempelekea mdogo uji. Alikaa kitandani miguuni kwa mdogo, na mkubwa amesimama dirishani.

"Ulimsikia anakuita?" mama akamwuliza mkubwa.

"Nilimsikia, mama."

"Ukafanya nini?"

Mkubwa akamweleza yote kwa mpangilio, barakoa, kiganja, kamba. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakumlaumu. Aliniangalia mimi, akasema, "Mwanangu, huku mnawafundisha watoto wetu mambo magumu," kisha akaanza kumlisha mdogo uji.

Mdogo hakurudi ghalani. Alipopata nguvu aliteremka bondeni na mama yake, na mkubwa akabaki peke yake kwenye kile chumba. Hawakugombana, hakuna neno baya lililosemwa. Kwenye sikukuu mkubwa aliteremka Mtowisa, akarudi kabla ya siku zake za likizo kuisha. Fundi kifua kilipomzidi akaacha kazi, mkubwa akachukua mahali pake. Ndiye anayewapanga wapya mlangoni sasa, na wanaopita mikononi mwake hawakimbii.

Mwaka huu nilitumwa bondeni kukagua mpunga kabla haujapakiwa. Unateremka kutoka kwenye baridi yetu, barabara inajikunja na mawe yanagonga chini ya gari, na joto linakupokea kama pumzi ya ng'ombe. Nilimkuta mdogo shambani kwake, amenenepa kidogo, bado anakohoa. Alinikaribisha kwa heshima, akaniletea kigoda, tukaongea habari za mpunga na ndege wanaokula punje. Kisha, bila mimi kuuliza, akaanza.

"Dada, mimi najua alifanya sawa. Nilifundishwa kama yeye. Ningekuwa mimi mlangoni ningefanya vile vile."

"Sasa tatizo ni nini, mdogo wangu?"

"Kulikuwa na mwanya kati ya magunia. Nilikuwa namwona. Nilimwona anavua ile barakoa anaivaa tena, taratibu, mimi naita." Alichuma jani la mpunga, akalizungusha kidoleni. "Akija hapa nikamwona amesimama mlangoni, kabla hajabisha hodi, kifua kinafunga. Akili yangu inamkaribisha. Mwili unakataa. Sikukuu ile alikaa nje mpaka mama akatoka kumwingiza kwa mkono."

Nilifikiri kwamba sote tulifundishwa siku ile ya ajali, kila mmoja mahali alipokuwa, na lililoingia mwilini kwa njia hiyo halitoki kwa kuelezwa.

Nilipokuwa napanda gari alinifuata. Mama yake alikuwa ameniletea mchele kwenye mfuko nimpelekee mkubwa. Mdogo akauliza, "Bado anafanya ile kazi ya mlangoni?"

"Bado."

"Abaki hapo hapo," akasema.

Kesho yake nilimkabidhi mkubwa mchele wake ghalani. Alikuwa anakagua mikanda ya barakoa. Aliniuliza mdogo wake amesema nini, nikamwambia maneno yale kama yalivyo, bila kupunguza. Kisha akaniuliza yalisemwa kwa sauti gani, ya hasira au ya kawaida.

"Ya kawaida," nilimjibu. Ndivyo nilivyosikia, ingawa injini ilikuwa imeshawashwa na sikuiona sura yake vizuri. Aliitikia kwa kichwa, akaweka mfuko wa mchele pembeni, akaendelea na mkanda aliokuwa ameushika.